Usifiche miaka ya kampi: kujitayarisha kwa mahojiano ya kazi ya benki

Maneno haya yalisemwa na mama mumoja mwanachama wetu ku mukutano wa vijana wa chama. Alifanya kazi ya gishe miaka mingi, na sasa anaongoza ajansi. Vijana wengi wenye hawakuweza kufika waliomba tuyaandike. Tumeyaacha vile aliyasema, tumepunguza tu pale alirudilia. Ku mwisho tumetia maulizo matatu ya wasikilizaji na majibu yake.

Bwana prezida wa chama, wababa, wamama, na nyinyi vijana: jambo sana.

Mulinialika niseme namna ya kushinda mahojiano ya kazi ya benki. Nitaanza na namna mimi nilianguka, juu hiyo njia ninaijua vizuri.

Wengi hapa munajua tulivuka ziwa mu 1996. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilikomalia Lugufu, kule Kigoma, na mu 2007 merikebu ya HCR ilitushusha Baraka, na masanduku yetu, na masufuria yetu. Kisha nikasoma mambo ya biashara, kwa shida, wengine wenu munakumbuka vile mama yangu aliuza dagaa juu ya hayo masomo. Siku moja benki moja ikaniita kwa mahojiano. Sitaitaja jina.

Mbele ya kwenda, watu walinishauri: "Usiseme ulikuwa mukimbizi. Watasema hauna mizizi." Basi mu karatasi yangu niliandika kama nilisoma sekondari Uvira. Ku meza walikuwa watu watatu. Mumoja, baba wa miwani, akaniuliza kwa upole: "Ulisoma shule gani pale Uvira?" Nikataja shule. Akauliza: "Prefe wenu alikuwa nani?" Wapendwa, yeye mwenyewe alikuwa amesoma ku ile shule. Nikanyamaza. Jasho ilinitoka mpaka ku vidole. Akafunga dosiye yangu, akasema: "Aksanti, mama." Ni hayo tu.

Miaka mingi nilifikiri walinikataa juu ya kampi. Siku nilikaa na mimi ku upande mwingine wa ile meza, ndipo nilielewa. Hawakukataa kampi. Walikataa uongo. Na walikuwa na haki.

BENKI INAOGOPA NINI

Vijana, shikeni neno hili moja, mengine yote yanatoka mule. Wale watu wa ku meza wanaweza kukuuliza maulizo makumi mbili, lakini mu mioyo yao kuko moja tu: "Huyu mutu, ninaweza kumuacha peke yake na franga za watu?"

Franga za benki haziko za benki. Ni za mwalimu, ni za mama wa soko, ni za parokia, ni za mujane mwenye aliuza kiwanja. Tangu 2011 serikali ilipoanza kupitisha mishahara ya wafanyakazi wake ku benki, ku gishe zetu kunafika watu wenye hawajawahi kuingia benki mu maisha yao. Na munajua historia ya inchi yetu: wazee wetu walipoteza akiba yao wakati zaire ilikufa mu mikono yao. Mutu mwenye aliona hayo analeta franga zake kwako na moyo unapiga. Ukimujibu vibaya mara moja, anazirudisha chini ya kitanda, na anaambia kijiji chote.

Kwa hiyo benki inatafuta mambo matatu: mutu wa kweli, mutu anajua hesabu, mutu anajua kuishi na watu. Diplome ni ya kukufungulia mulango tu. Mule ndani ni haya matatu yatasema.

MBELE YA SIKU YENYEWE

Kwanza, tengeneza dosiye yako mapema. Kadi ya mupiga kura, diplome, karatasi ya ONEM, barua, historia ya maisha yako. Angalia jina lako liandikwe namna moja ku karatasi zote. Hii ni shida kubwa kwetu wenye tulirudi: ku kampi waliandika "Riziki", ku shule wakaandika "Riziky", ku kadi "Riziki" na tarehe nyingine ya kuzaliwa. Kwa mutu wa benki, jina mbili ni watu wawili. Usingoje wakuulize. Nenda ku biro ya serikali yenye inahusika, upate karatasi ya kusahihisha. Na kama ulisoma programu ya Tanzania, ya Burundi ao ya Zambia, anza sasa kutafuta ekivalansi ya diplome yako, juu inakawia.

Pili, jua ile benki. Kijana anafika, tunamuuliza: "Sisi tunauza nini?" Anajibu: "Munachunga franga." Ni kweli, lakini haitoshi. Ingia mule mbele ya ile siku. Simama mu mulolongo kama kila mutu. Soma vibandiko vya ku ukuta: wanasema konti gani, kufungua ni franga ngapi, kila mwezi wanakata nini, kredi wanapatia nani. Angalia mutu wa gishe namna anahesabu, namna anapana kalamu. Angalia ni wapi watu wanakasirika. Kisha jiulize: mimi ningefanya namna gani pale? Kijana akiniambia, "Mama, niliona wazee wanakosa kujaza bordero, wanaomba mulinzi awajazie, na ile ni hatari," mimi huyo kijana simusahau tena.

Jua pia ni nani anashindana na benki. Wateja wetu wengi wanatuma franga kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na wamama wako na AVEC yao. Benki inataka mutu mwenye anaelewa juu ya nini yule mama anapenda sanduku ya AVEC kuliko gishe yetu, na namna gani tunaweza kumuhudumia bila kumuzarau.

NAMNA YA KUSEMA MIAKA YA KAMPI

Sasa hii ni yetu. Watakuuliza: "Kati ya mwaka huu na huu ulikuwa wapi?" Jibu kwa neno moja, na macho juu: "Nilikuwa mukimbizi ku kampi ya Nyarugusu, Tanzania." Nukta. Usilie, usiombe huruma, usieleze vita nzima. Kisha uongeze kitu ulifanya kule.

Najua utasema, "Mama, kule sikufanya kitu." Si kweli. Nani alikuwa anasaidia kugawa chakula? Nani aliandika majina ya wagonjwa? Nani alishika daftari ya kwaya? Nani aliuza mandazi na akajua faida iko wapi? Hiyo yote ni kazi.

Nitawapa mufano. Dada mumoja wa chama hiki alikuja nyumbani kwangu kabla ya mahojiano yake. Nikamuuliza: "Umewahi kushika franga ya watu?" Akasema hapana. Tukaongea saa nzima. Ndipo akasema, kama vile kitu bure: "Nilishika ufunguo mumoja wa sanduku ya AVEC, miaka mitatu." Nikaruka! Munajua sanduku ya AVEC: kufuli tatu, watu watatu, kila mutu na ufunguo wake, na haifunguke mpaka wote watatu wako pale mbele ya kikundi. Sasa munajua mulango wa chumba cha franga ku benki unafunguliwa namna gani? Na watu wawili, kila mutu na ufunguo wake ao namba yake. Mumoja peke yake haingie. Ni sheria ileile! Yule dada alikuwa anajua kanuni kubwa ya benki, na hakujua kama anaijua.

Tukapanga hadithi yake kwa maulizo ine. Kulikuwa nini? Wewe ulipaswa kufanya nini? Ulifanya nini? Ikatoka nini? Kama mutu mwenye anaeleza jambo mbele ya wazee: hatangetange, anasema mwanzo, katikati, mwisho. Akasema hivi: "Siku moja wenzangu wawili walitaka tufungue sanduku usiku, juu mutoto wa mumoja alikuwa mugonjwa sana. Kanuni ilikataza. Sikutoa ufunguo. Lakini niliamusha prezida na wanachama watano, tukachanga mu mifuko yetu, mutoto akapelekwa ku hospitali usiku ule ule. Asubuhi tukahesabu sanduku mbele ya wote, haikupungua hata sarafu." Mu hadithi hii moja kuko kweli, kuko hesabu, kuko watu. Ile kazi aliipata.

Kila mumoja wenu atafute hadithi tatu za namna hii. Moja ya franga, moja ya mutu mwenye alikasirika, moja ya kosa ulifanya na namna ulilitengeneza. Ya mwisho ndiyo watu wanaogopa. Lakini mutu mwenye anasema hajawahi kukosa, ku benki hatumuamini, juu kila mutu wa gishe siku moja amekosa.

HESABU

Mara nyingi watakupa karatasi na kalamu, na wakati kidogo. Usitegemee telefone. Fanya mazoezi nyumbani, kila siku dakika makumi tatu.

Kubadilisha franga. Tuseme kiwango cha leo ni franga 2.800 kwa dola moja. Mutu analeta franga 420.000. Ni dola ngapi? 150. Akileta dola 35, ni franga 98.000. Fanya hii mpaka mudomo ujibu peke yake.

Faida ya kredi. Hii ni muhimu kwa wenye wanaomba kazi ya ajanti wa kredi. Mama anakopa dola 600 kwa miezi sita, faida ni 3 kwa mia kila mwezi. Kama faida inahesabiwa kila mwezi ku dola 600 yote, ni dola 18 mara sita: 108. Lakini kama inahesabiwa ku deni yenye inabakia tu, na kila mwezi anarudisha dola 100 ya mukopo, basi mwezi wa kwanza analipa faida ya 18, wa pili 15, wa tatu 12, wa ine 9, wa tano 6, wa sita 3. Jumla ni 63. Munaona? Ni "3 kwa mia" ileile, lakini kati yao kuko dola 45, na ile ni karo ya mutoto. Ajanti mwenye hawezi kueleza hii kwa mama wa soko, kwa Kiswahili, mbele hajaweka kidole ku karatasi, huyo haifai tumutume.

Na kuhesabu kwenyewe. Wakikupa bunda la noti, hesabu mara mbili, zote zigeukie upande mumoja, na utamke jumla kwa sauti yenye muteja peke yake anasikia. Dola munajua vile iko kwetu: ikipasuka kidogo tu, watu wanaikataa. Basi mutu wa gishe anaangalia kila noti mbele ya muteja, hapana nyuma yake. Noti ikitoka tu mbele ya macho ya mwenyewe, kisha ukamuambia iko mubaya, atasema umeibadilisha. Na wewe hauna namna ya kujitetea.

MAMBO YENYE WANAPENDA KUKUPA KWA KUKUJARIBU

La kwanza: "Ni magaribi, unafunga kese, unakuta dola 50 imezidi. Utafanya nini?" Wengine wanajibu: "Nitaiweka pembeni, siku ikipunguka nitaitumia." Ukisema vile, umeanguka. Ile 50 ni ya mutu. Leo leo unaambia shefu, munaandika, munarudi ku bordero moja moja mpaka muone ni ya nani. Ikiwa imepunguka, ni vile vile: unasema siku ileile. Kosa la leo ni kosa. Kosa lenye kufichwa mpaka kesho ni wizi.

La pili: "Bibi ya kaka yako anakuja ku gishe, anasema bwana yake amemukatalia franga ya chakula, anaomba umuambie tu kama mushahara umeingia." Ee, hii inauma, juu ni jamaa, na pengine ana haki. Lakini siri ya konti ni ya mwenye konti. Unamujibu kwa heshima: "Shemeji, hii siwezi, hata angekuwa mama yangu. Mwambie yeye mwenyewe apite." Kisha magaribi uende kwao kama jamaa, mukae na kaka yako muongee mambo ya nyumbani. Hiyo ni njia ingine, haipitie ku gishe.

La tatu: "Mutu usiyemujua analeta dola 15.000 mu mufuko, anaomba uziingize kwa konti tatu zenye majina mbalimbali, na anakuachia kitu kidogo ya soda." Inchi yetu iko na sheria ya kupigana na franga chafu tangu 2004, na ku mwisho wa 2022 ilitungwa nyingine mupya. Haukatae kwa fujo, haumutukane, na haukubali. Unamuuliza kwa adabu franga zimetoka wapi na karatasi ziko wapi, unapeleka jambo kwa shefu wako. Na haumuambie kama umemushitaki. Soda yake airudishe.

La ine: "Muzee hajui kuandika, anataka kutosha franga yake." Usimupandishie sauti. Unamusomea bordero pole pole, kwa luga yenye anasikia, anaweka kidole mbele ya shahidi mwenye sheria za benki zinaruhusu, na unahesabu mbele ya macho yake. Wakikuuliza juu ya nini unapoteza wakati wote huo, jibu: juu huyo muzee akirudi, ataleta wengine kumi.

KIFARANSA

Hapa ndipo wengi wetu tunalia. Tulisoma ng'ambo ya ziwa, Kiswahili yetu ni safi, wengine wanajua Kiingereza, lakini Kifaransa inakwama ku koo. Na mahojiano, mara nyingi, ni mu Kifaransa.

Nitawaambia kweli: lazima kukitafuta. Karatasi za benki ni za Kifaransa, ripoti ni ya Kifaransa. Lakini haiko lazima useme kama avoka. Jifunze kwanza maneno ya kazi: kese, bordero, konti ya akiba, konti ya kawaida, kuweka, kutosha, kutuma, faida, deni, dhamana. Maneno mia moja hivi. Kisha ujifunze kujieleza kwa dakika mbili: jina, masomo, kazi ulifanya, juu ya nini unataka hii. Sema mbele ya rafiki, mbele ya kioo, mbele ya mbuzi kama hakuna mutu. Tumia mistari mifupi. Mutu wa Kifaransa kidogo na mistari mifupi anasikilika. Mutu wa Kifaransa kidogo na mistari mirefu anapotea na sisi tunapotea naye.

Ulizo usipolisikia, usibahatishe. Omba kwa heshima walirudilie. Na Kiswahili yako usiionee haya. Wateja wetu kuanzia Uvira mpaka Fizi wanaongea nini? Sema waziwazi: "Kifaransa yangu ninaendelea kuijenga. Lakini muteja akifika ku gishe, nitamueleza kredi mu Kiswahili mpaka aelewe." Hiyo ni mali.

SIKU YENYEWE

Wenye wanatoka Baraka, musisafiri ile siku ile. Munajua barabara mu mvua. Fikeni Uvira siku moja mbele, mulale kwa jamaa. Nguo: safi, imepigwa pasi, hapana ya kuangaza. Shati ya kuazima haina aibu. Kifungo chenye kinakosa ndicho kina aibu. Telefone izimwe, hapana kutetemesha tu.

Ukiingia, salimia mulinzi na mama wa kufagia vile utasalimia shefu. Mimi mara nyingi ninamuuliza mulinzi: "Yule kijana alikusalimia?" Kaa wakati wanakuambia kaa. Waangalie wote watatu, hapana yule mukubwa tu.

Ku mwisho watasema: "Uko na ulizo?" Usiseme hapana. Uliza: "Mutu mupya anafundishwa kwa wakati gani?" ao: "Ku miezi ya kwanza, mutu anakosa wapi sana ku kazi hii?" Mambo ya mushahara, wakikuuliza wao, jibu bila kujificha, wasipouliza, ngojea mpaka wakuambie wanakutaka.

FRANGA YA KUNUNUA KAZI

Bwana prezida aliniomba niseme juu ya hii, nami ninasema mbele ya wazazi.

Kuko watu wanapita wakisema: "Nipe dola 200, nitakuingizia mutoto ku benki." Mama anauza mbuzi, anauza shamba. Mutu anapotea. Na hata kama hakupotea, fikiri: mutu mwenye alinunua kiti cha gishe, siku ya kwanza ya kazi anafikiri nini? Anafikiri namna ya kurudisha dola 200. Atazitosha wapi? Mu kese. Nimeona vijana wawili walimaliza hivyo mu gereza, na wazazi wao walikuwa wameuza shamba juu ya kuwafikisha pale.

Na kwa nyinyi wasichana: mahojiano yanafanywa mu biro, muchana, na watu zaidi ya mumoja. Mutu akikuambia mukutane ku hoteli saa moja ya usiku "kuzungumuza dosiye," hiyo haiko mahojiano. Usiende. Njoo uambie wamama wa chama, hata kama ni mutu mukubwa. Hautakuwa wa kwanza, na hatutakuuliza ulikuwa umevaa nini.

UKIKATALIWA

Wengi watakataliwa. Nafasi ni moja, vijana ni makumi. Ukikataliwa, rudi nyumbani, andika mu daftari maulizo yote walikuuliza, mbele hujasahau. Ile daftari mulete hapa ku chama, wengine wasome. Kisha angalia njia ingine: koperative za akiba, nyumba ndogo za mikopo, kibanda cha kutuma franga kwa telefone. Kijana mwenye alisimamia kibanda mwaka muzima bila kupunguka, sisi tunamuangalia na macho ingine.

Mimi nilirudi. Mara ya pili ilikuwa benki ingine. Waliniuliza nilikuwa wapi mu ile miaka. Nikasema: "Lugufu. Miaka kumi. Nilikuwa ninashika daftari ya sabuni na mablanketi ya mutaa wetu, familia makumi ine." Mama mumoja ku meza akauliza: "Na daftari yako ilikuwa inatoka sawasawa?" Nikasema: "Mara moja hapana. Blanketi moja ilipotea. Nilitoa yangu." Akaandika kitu. Sijui aliandika nini, lakini wiki mbili kisha waliniita.

Kwa ndugu wenye wanatuunga mukono kutoka mbali: munatuuliza kila mara mufanye nini. Leo ninaweza kuwajibu kwa vitu vidogo. Safari ya kwenda na kurudi Uvira. Fotokopi. Masomo ya Kifaransa ya jioni, mwalimu mumoja na taa. Shati nyeupe mbili ao tatu za chama, zenye kijana anaazima na anazirudisha zimefuliwa. Hizi ndizo zinakosesha mutoto wetu kufika ku meza, na akifika, ya kubaki ni yake.

Aksanti sana.

MAULIZO YA WASIKILIZAJI

Baba mumoja: Mama, mutoto wangu hana jamaa ku benki. Si kujipoteza bure?

Baba, ni kweli, kuko mahali fasi inapewa mutoto wa mutu. Siwezi kukudanganya. Lakini kese ikipunguka, ule ujamaa haujaze shimo. Ndiyo maana benki zinalazimika kutafuta hata wenye hawajulikane. Mutume. Asipojaribu, tumekwisha kujua jibu.

Dada mumoja: Wakiniuliza kama nitaolewa, ao kama niko na mimba?

Usikasirike, usidanganye. Jibu: "Mambo ya nyumba yangu nitayapanga, saa za kazi nitaziheshimu." Kisha urudishe mazungumuzo ku kazi. Mimi nilizaa watoto watatu nikiwa ku gishe, na kese yangu ilifungwa kila magaribi.

Kijana mumoja: Na kama karatasi yangu iko na uongo tayari, na nimekwisha kuipeleka?

(Hapa mama alinyamaza kidogo.) Andika ingine, ya kweli. Kesho asubuhi uipeleke, uombe musamaha, useme: "Nilikosa, hii ndiyo ya kweli." Pengine watakukataa. Lakini utakuwa umekataliwa wewe mwenyewe, hapana yule mutu uliyemutunga. Na wewe mwenyewe, unaweza kurudi tena. Yule mwingine hana pa kurudi.